Radio inasema tunakua, sahani ya bukari inasema nini?

Swali ilitoka kwa kijana mumoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ninaifupisha: "Prof, jambo. Kila siku radio inatuambia Congo inakua 8%, na kweli ninaona ma V8 na magorofa mapya kule Golf, kartie ya matajiri, lakini kwetu tunakula mara moja kwa siku. Papa yangu alitumikia GCM (Gécamines, kampuni ya serikali ya shaba), anasema wakati yao kila mutu aliishi vizuri, miye namwambia ile ilikuwa bongo ya Mobutu tu. Je, maisha inapanda kweli kwa wote, ao ni kwa wachache? Na nitoke hapa niende Kolwezi ao nibakie?"

Mwana, jambo sana. Nitakujibu kwa urefu ju swali yako iko na maswali mingi ndani, na majibu yake hayasikilizani yote.

Ile 8% haiko bongo. Mwaka 2022 na 2023 uchumi ya Congo ilikua zaidi ya 8% kila mwaka, 2024 ikashuka kwenye 6 na kitu, na nchi mingi ingefurahi kupata hata nusu ya ile. Lakini kwanza utoe watu wanaozaliwa: sisi tunaongezeka karibu 3% kila mwaka, kwa hiyo kwa kila kichwa inabakia kama 5. Kiisha uliza hiyo 5 imetokea wapi. Kwa sehemu kubwa imetokea ndani ya shimo ya shaba na kobalti. Congo leo njo ya pili duniani kwa shaba nyuma ya Chile, na kobalti, zaidi ya 70% ya ile inachimbwa dunia nzima inatoka huku kwetu, Lualaba na Haut-Katanga. Sasa mugodi ya kisasa ni mashine. Kamio moja ya mugodi inabeba kazi ya watu wengi sana wa beleshi, shoferi wake ni mumoja, mashine yenyewe imenunuliwa inje, mafuta imetoka inje, na faida inaenda kwa wenye hisa ambao hawajawahi kukanyaga Kasumbalesa. Shaba ikiongezeka tani laki moja, PIB (jumla ya uchumi wa nchi kwa mwaka) inaruka juu, na mama anayeuza sombe kwenye soko ya Kenya, hapa Lubumbashi, hajui hata kama kuna kitu kimetokea. Kilimo, pale Wakongomani wengi zaidi wanatafutia chakula, haikuruka hivyo hata kidogo.

Fanya hesabu ya avenyi yenu. Tuseme kuko parseli 10. Tisa zinaingiza dola 100 kwa mwezi, ya kumi inaingiza 1,000, jumla ni 1,900, wastani ni 190 kwa kila parseli. Mwaka unaokuja ule bwana wa parseli ya kumi anapata kontra ya sutretansi (kampuni ndogo inayofanyia ile kubwa kazi) kwenye mugodi, anaingiza 1,400, wale wengine wote wanabakia kwenye 100 yao. Jumla inakuwa 2,300, wastani 230, avenyi yenu "imekua" kwa 21%. Hakuna mutu amedanganya, hesabu iko sawa, ila ukiwapanga wote kwa mustari kutoka maskini mpaka tajiri na ukaangalia ule wa katikati, yeye hajasogea hata dola moja. Mukubwa akikusomea ukuaji ya uchumi bila kukuambia ule wa katikati amefika wapi, amekusomea nusu ya barua.

Basi tuangalie ule wa katikati na wale wa chini. Hapa hesabu zetu ni chache, na ni aibu, ju sensa ya mwisho ya watu nchini ilifanyika 1984, yaani wewe na pengine hata yaya yako hamujawahi kuhesabiwa. Kuko anketi kubwa za nyumba, ile ya 2005 na ile ya 2012: kwa mustari wa umaskini wa hapa nchini (kiasi cha pesa ambacho chini yake mutu anahesabiwa maskini), maskini walikuwa karibu 69% wakashuka mpaka 64%. Utasema vizuri, imepungua. Ndiyo, asilimia ilipungua, lakini watu waliongezeka mbio kupita ile, kwa hiyo ukihesabu vichwa, maskini wa 2012 walikuwa wengi kupita wa 2005 kwa mamilioni. Serikali inataja ile ya kwanza, opozisio inataja ile ya pili, na wote wawili wanasema kweli. Banki ya Dunia nayo ilikadiria kwamba mwaka 2024 Wakongomani 73.5% waliishi chini ya dola 2.15 kwa siku. Usilinganishe hiyo 73 na ile 64, mistari ya kupimia ni tofauti. Tena Juni 2025 wakapandisha mustari wenyewe mpaka dola 3, ghafla maskini wakaongezeka kwenye karatasi na hakuna mutu alikuwa amepoteza kitu siku ile. Ninakuambia hivi ili siku mutu atakutupia asilimia kwenye kikundi cha WhatsApp, umuulize kwanza: kwa mustari gani?

Kuhusu pengo kati ya tajiri na maskini, kuna kipimo kinaitwa Gini. Sufuri maana yake wote wanapata sawasawa, 100 maana yake mutu mumoja anakula yote. Congo ilikuwa kwenye 42 mwaka 2005 na tena 42 mwaka 2012, pengo haikusogea. Afrika Kusini ilipimwa 63 mwaka 2014, moja ya nchi mbaya kabisa duniani kwa hii mambo. Watu wanafurahi wakisikia hivyo, eti sisi afadhali. Mimi siifurahii sana hii 42, ju inatoka kwenye anketi, na anketi inafanyika hivi: mutu anapiga hodi na karatasi yake, anauliza juzi mulinunua nini, mulikula nini. Kule kwenu mama anamujibu, anamupatia na kiti. Kule Golf sentinele anafungua kadirisha ka lango, anasema patron ameenda safari. Tajiri wa kweli hayumo ndani ya hesabu, ama yumo nusunusu, na hii si ya Congo pekee, wanaofanya hii kazi wanaijua fasi zote.

Lakini mimi nikitembea hapa Lubumbashi sioni mupaka mukubwa ukiwa kati ya tajiri na maskini kwa ujumla. Ninaiona kati ya ule anayelipwa dola na ule anayelipwa franga. Hii njo kitu ambacho wageni wanaochunguza Congo mara mingi wanaipita mbio, na sisi tumeizoea mpaka hatuioni tena.

Chukua mushahara wa chini wa sheria. Mwaka 2018 serikali iliiweka franga 7,075 kwa siku. Wakati ule dola ilikuwa kama 1,600, kwa hiyo ni dola 4 na kitu. Mushahara ule haukuguswa miaka na miaka, huku dola inapanda, 2,000, 2,500, mwaka 2024 ikapita 2,800. Ile 7,075 ileile, karatasi ileile, ikawa inanunua dola 2 na nusu. Hakuna bosi aliyekata mushahara ya mutu, hakuna barua, hakuna grevi, na karibu nusu yake imeyeyuka. Sasa nani aliumia? Wa kampuni ya mugodi analipwa dola, hakuumia. Mwenye nyumba anapangisha kwa dola, na garanti ya miezi anadai kwa dola, hakuumia. Masomo za watu binafsi wanahesabu minervali kwa dola. Kliniki, dola. Mwalimu wa serikali, polisi, infirmie, mama wa soko, taximan: franga. Kila asubuhi wanapita mbele ya kambiste na mirundo yake ya noti kwenye meza, wanauliza leo iko ngapi, na lile jibu njo linawaambia kama usiku ule wamekuwa maskini zaidi. Mwaka 2023 bei zilipanda zaidi ya 20% kwa mwaka moja, na ile 8% ya ukuaji ilisomwa kwenye radio mwaka uleule. Zote mbili ziliingia kwenye avenyi moja, ila si kwa mulango moja.

Mwaka 2025 serikali ikapandisha ule mushahara wa chini mpaka 14,500. Vizuri, sikatai, lakini sheria ile inagusa mutu mwenye kontra, na wewe unajua vizuri kwenu Katuba ni wangapi wako na kontra. Kiisha mwezi wa tisa na wa kumi mwaka ule ikatokea kitu ambayo wengi hatukuwa tumeiona: dola ikaanguka, kutoka karibu 2,800 ikaenda chini ya 2,500 kwa muda mufupi. Wa franga wakasema Mungu amesikia. Wa dola wakalia. Bei ya unga je? Ilishuka kwa kujivuta, na nyumba hazikushuka kabisa ju ni dola toka zamani. Dola ikipanda, bei inapanda asubuhi yake, dola ikishuka, muuzaji anakuambia "hii stoki niliinunua kwa bei ya zamani". Na pengine anasema kweli, ju mahindi yetu mingi inatoka Zambia, na wakati ule ukame mukali wa 2024 ulipiga Zambia, hapa tuliiona kwenye bei ya mufuko.

Na kwa hiyo mufuko kuna jambo lingine. Mutu wa mushahara ananunua mufuko wa kilo 25 mara moja, anafunga hesabu ya mwezi. Mama yako ananunua kwa meka (kopo ya kupimia), kila jioni, kadiri ya pesa iliyoingia leo. Ukipiga hesabu ya kilo kwa kilo, meka ni ghali kupita mufuko. Makala ya sashe ni ghali kupita makala ya gunia. Maji ya bido ni ghali kupita ya robine. Kwa hiyo nyumba mbili zinaweza kuingiza dola 100 zilezile kwa mwezi, ile inayopata zote siku moja ikaishi vizuri kidogo kupita ile inayopata dola 3 leo, sufuri kesho, 5 keshokutwa. Hakuna Gini inayokuonyesha hiyo. Likelemba ya wamama ilizaliwa kwa sababu hii hii, kugeuza vidogovidogo vya kila siku kuwa pesa moja yenye nguvu, na mimi ninaiheshimu kupita programu mingi za wakubwa.

Sasa kwa papa yako. Muheshimu, ju kwa nyumba yake yeye anasema kweli tupu. Agenti wa Gécamines alipata nyumba, hospitali, masomo ya watoto, na rasio ya unga kila mwezi. Mwaka 1986 GCM ilitoa shaba karibu tani 476,000. Kiisha mugodi ya Kamoto ikaporomoka 1990, matengenezo hakuna, pesa ilikuwa inatolewa kwa kampuni ikienda Kinshasa toka zamani, na katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulibakia kidogo kabisa, hata sehemu ya kumi ya ile ya mbele haifiki. Watu wakatumika miezi na miezi bila mushahara. Mwaka 2003 wakaja na ile waliiita départs volontaires, pamoja na pesa ya Banki ya Dunia, wafanyakazi karibu 10,000 wakatoka mara moja, "kwa hiari". Kama papa yako ni mumoja wao, unajua vile pesa ile ilikwisha.

Na si GCM tu. Ukichukua uchumi wa nchi nzima ukaugawanya kwa kila kichwa, ukatoa kupanda kwa bei, mpaka leo, pamoja na hii 8% yote, Mukongomani hajarudia pale alikuwa mwaka 1974. Kwa hiyo tukisema "tunakua", ujue tunapanda kutoka chini ya shimo, mudomo ya shimo bado iko juu yetu.

Lakini wewe nawe uko na haki yako. Papa anasema "kila mutu". Hapana. GCM ilikuwa na wafanyakazi elfu makumi tatu na kitu, ongeza familia zao, hiyo ni watu wengi kweli, ila haikuwa Katanga nzima, na haikuwa Congo. Mukulima wa Kasenga ao wa Malemba-Nkulu hakuwa na rasio. Unakumbuka waya kubwa ya stima kutoka barage ya Inga mpaka Kolwezi? Kilometa karibu 1,700, ilimalizika 1982, ikavuka nchi nzima juu ya vichwa vya watu wa vijiji, wakaiangalia inapita inaenda kuwasha mitambo ya shaba, na wao jioni wakawasha koroboi. Mpaka leo nchini ni karibu mutu 1 kwa 5 anayepata stima. Ile zamani ya papa ilikuwa na pengo yake, yeye alikuwa upande wa mwangaza tu.

Na kuna vitu ambavyo ni vizuri leo kupita wakati ule. Miaka ya 1980, kati ya watoto 5 waliozaliwa Congo karibu 1 hakufika miaka mitano. Anketi ya afya ya 2007 ilihesabu vifo 148 kwa watoto 1,000, ile ya 2013-2014 ikahesabu 104, na imeendelea kushuka. Chanjo, muskitera yenye dawa, dawa nzuri za malaria. Bado ni wengi mno, lakini ukiniuliza kitu gani kimepanda kwa maskini vilevile, na si kwa mwenye V8 pekee, nitakujibu hii mbele ya zote. Mama wa 1985 alizika watoto kupita mama wa leo, na hii haionekani kwenye PIB. Shule ya musingi haina minervali ya serikali toka Septemba 2019, mamilioni ya watoto wameingia, sasa wanakaa 90 kwa darasa moja na mwalimu mumoja aliyechoka, kwa hiyo kuingia kumepanda, kujua kusoma ni mambo ingine. Telefone, kila mutu anaona. Nyama kwenye sahani, hapana.

Kwa hiyo "maisha inapanda kwa wote?" Kuishi, ndiyo, kidogokidogo na karibu kwa wote, isipokuwa wale wa Kivu ambao vita inawarudisha nyuma kila mara. Kupata pesa, hapana, si kwa wote, na kwa wengi wanaolipwa franga ilikuwa kushuka kati ya 2018 na 2024.

Utaniuliza basi ile pesa ya shaba inapita wapi. Kati ya kodi mingi za mugodi, moja inaitwa redevansi. Sheria ya migodi ya 2018 iliipandisha, shaba kutoka 2% mpaka 3.5%, kobalti ikatangazwa madini ya stratejia, ikafika 10%. Kila dola 100 ya redevansi inagawanywa hivi: 50 Kinshasa, 25 provensi, 15 kwa komini, sekta ao shefferi ambako mugodi iko, 10 kwa mufuko wa vizazi vijavyo. Kwenye karatasi ni muzuri, mimi niliiunga mukono na bado ninaiunga. Angalia lakini nini inatokea: toka 2015 Katanga ya zamani imekatwa provensi ine, Lualaba na Haut-Katanga ziko na migodi kubwa ya shaba na kobalti, Haut-Lomami na Tanganyika karibu hakuna, na redevansi inafuata shimo, haifuati watu. Katiba ya 2006 ilipanga mufuko wa kusawazisha provensi, na ile 40% ya mapato ambayo provensi zingejibakizia, ukiuliza magavana watakuambia wenyewe vile inatembea. Wewe raia unaweza kufanya kitu kimoja hapa: raporti za ITIE (mupango wa dunia wa uwazi kwa pesa ya madini) zinaandika kila mugodi umelipa ngapi na kwa nani. Mukuwe watano, mushike ile raporti, muende kwa burgumestre wa komini yenye mugodi muulize pesa hii ilijenga nini. Kuna fasi watu walifanya hivyo, na majibu yalianza kutoka kwa sababu hesabu ilikuwa tayari mikononi mwao.

Sasa Kolwezi, muji ya migodi kule Lualaba. Inategemea unaenda kufanya nini. Kama uko na diplome ya umekaniki, ya stima, permi ya mashine kubwa, nenda ukatafute, na usikubali kuingia kupitia sutretansi bila kontra iliyoandikwa, ju kuna wale wanaofanya kazi ileile kwenye shimo lilelile, mumoja analipwa na mugodi na mwengine na sutretansi, na tofauti ya mushahara inatisha. Kama unaenda kuwa kreseri (muchimbaji wa mikono), sikiliza vizuri. Bei haiipangi wewe, anaipanga ule wa depo ya kununua madini mwenye mashine ya kupima kiwango, na ile mashine ni yake. Februari 2025 serikali ilisimamisha kutuma kobalti inje ju bei ya dunia ilikuwa imeanguka sana, Oktoba ikarudisha kwa kota. Kampuni kubwa inaweza kungoja miezi nane na stoki yake, wewe hauwezi kungoja hata wiki moja. Na Novemba 2025 kule Kalando, Lualaba, daraja ya kupitia kwenye shimo ilivunjika, watu zaidi ya 30 wakafa.

Ukiamua kwenda, usiuze parseli ya papa kwa ajili ya transporti na kuanza maisha. Pangisha chumba kimoja, muandike kontra kwa dola kama wengine wote, na ile pesa ya nyumba mama awe anaichukua yeye.